Uso wa Kadi ya Arobaini na Moja

Kabla ya wiki ile, mtu angethubutu kuniambia kuna jambo nisilolijua kuhusu kadi za chingamu, ningemcheka mbele za watu. Nilikuwa nazo zote tisini na sita, ligi nzima ya mwaka mmoja, zilizochapishwa zamani kabla mimi sijazaliwa. Kila pakiti ya chingamu ilikuwa na kadi moja ya mchezaji. Watoto wa wakati ule walitafuna chingamu, wakabadilishana kadi, wakakua, wakazisahau. Mimi nilizisaka miaka sita: kwa vinyozi, kwenye maboksi ya vitabu vikuukuu, na kwa shangazi mmoja aliyekuwa amekunja kadi ya beki wa kati mara nne ili dirisha lake lisigonge.

Mkutubi wa maktaba yetu alipozisikia habari zake aliniomba nizionyeshe Jumamosi moja kwenye ukumbi wa chini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Tangazo nilitengeneza mwenyewe, kwa kuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukatia karatasi, na mwenye mashine ya rangi ni rafiki yangu. Juu ya tangazo niliweka kadi ya arobaini na moja, nikaikuza mpaka uso ukawa mkubwa kama sinia.

Ilikuwa kadi ya Sumaku, kipa wa timu ya kiwanda cha nguo iliyochukua ubingwa mwaka ule. Waliomwona wanasema mpira ulikuwa ukimfuata mikononi, ndiyo maana ya jina. Alishafariki siku nyingi. Lakini si sifa zake zilizonifanya nimchague. Ni ule uso. Wachezaji wengine kwenye kadi wanacheka, au wanakunja nyuso kama wanadai kitu. Huyu anatazama juu kidogo ya kamera, midomo imefungwa, kama mtu aliyeulizwa swali gumu akaamua kutolijibu. Mimi ni mtu wa kujibu haraka. Uso ule nilikuwa nikiutazama kabla ya kulala ili nijifunze kunyamaza, na sikujifunza.

Jumanne mzee mmoja aliingia kiwandani, ameshikwa mkono na binti yake aliyevaa sare ya uuguzi. Mzee namjua kwa sura. Ni fundi kufuli, ana kimeza chake nyuma ya kituo cha mabasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kadi?"

"Ndimi."

"Yule kwenye tangazo ni mimi."

Nilizima mashine. Binti akashusha pumzi.

"Kaka, tusamehe," akasema. "Mzee wangu amevuka barabara mbili bila kuangalia magari ili aje akuambie maneno hayo. Haya, ameshayasema. Baba, twende, naingia zamu."

"Yule ni Sumaku, mzee," nikasema. "Jina lake liko chini."

"Jina nalijua. Nimekaa naye msimu mzima. Jina ni lake, uso ni wangu."

Nilicheka. Sijivunii, lakini nilicheka, tena kwa sauti.

Mzee hakukasirika. Alivuta kiti cha kukalia wateja, akaketi, akaeleza kama mtu anayesoma risiti. Siku ya picha Sumaku alikuwa ameng'olewa jino, shavu limevimba kama andazi. Akakataa katakata kupigwa picha. Mpiga picha alikuwa na siku moja tu kwa timu nzima, na kampuni ya chingamu ilikuwa inamsubiri. Kocha akamwambia kipa wa akiba: vaa jezi ya mwenzako, shika mpira, simama pale. Akasimama.

"Na wewe ulidaka mechi ngapi?" nikamuuliza.

"Hata moja. Nilikaa benchi mwanzo mpaka mwisho. Sumaku hakuwa mtu wa kuumia."

Binti akageukia dirisha. "Umemsikia? Hata moja," akaniambia. "Mimi nikiwa na miaka tisa niliwatangazia darasa zima kwamba baba yangu alikuwa kipa wa mabingwa. Mwalimu wa michezo akaleta orodha ya waliocheza, akasoma majina yote polepole, mimi nimesimama. Hakuwemo. Nilimaliza shule naitwa Binti Kipa. Tangu siku ile, kaka, huyu akiniambia mvua inanyesha, natoka nje nikaangalie."

"Kipa wa akiba si kipa?" mzee akauliza.

"Ungesema akiba, baba! Neno moja tu!"

Nikaona wataanza upya ugomvi wenye umri wa miaka mingi mbele ya marundo yangu ya karatasi. Lakini mzee aliinua mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama ndoano. Mlango ulikibana utotoni, alisema.

"Itoe kadi. Angalia mkono ulioko chini ya mpira. Utaliona gumba langu, na mwanangu ataliona."

Hapo nikaona njia rahisi ya kumaliza ubishi. Nina picha ya gazeti ya siku ya fainali. Sumaku ameinua kombe, uso umefichwa nyuma yake, lakini magumba yote mawili yanaonekana, yamenyooka kama misumari. Kama gumba la kwenye kadi lilikuwa limepinda, hakuna tena cha kubishana.

Nikaitoa kadi kwenye kijimfuko chake cha plastiki. Mpira upo. Vidole vinne vipo. Pale gumba lilipopaswa kuwa, kadi iliishia.

Nilijua kwa nini, nikahisi masikio yanawaka. Kadi zile zilichapwa ovyo: moja ina ukingo mweupe mpana kulia, nyingine kushoto, nyingine picha imelala upande. Mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya, nikiwa na mashine kali chini ya mkono wangu na kichwa kilichojaa ujuaji, nilizipanga zile nilizokwisha kupata nikazikata zote zilingane, pembe kali, kingo safi. Zilipendeza ajabu. Mwaka wa pili nikajifunza kutoka kwa wakusanyaji wengine kwamba kadi iliyokatwa ni maiti. Kadi chakavu inasameheka, hata iliyochorwa kalamu inasameheka, ila iliyokatwa haina msamaha. Sikumwambia mtu, na zilizofuata nikazikata vilevile ili zilingane na za kwanza. Niliziweka kwenye vijimfuko vinavyobana, nikawa nawazomea wenye kadi chafu.

"Halionekani," nikasema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

"Umeona, baba?" binti akasema, bila ukali. Afadhali angekuwa mkali. Alisema kama mtu anayefunga kidonda alichokizoea.

Mzee hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. "Basi," akasema, akainuka, akashikwa mkono, wakatoka.

Nikawasha mashine nikaharibu rimu nzima ya fomu za hospitali.

Mtu mmoja tu mjini alikuwa na arobaini na moja nyingine. Tunamwita Makabrasha, karani mstaafu wa posta, anayehifadhi kadi zake kama zilivyomfikia, na mafuta yake, na alama za meno ya watoto juu yake. Mwaka uliopita, mbele ya wakusanyaji wenzetu wote, nilimwambia kadi zake ni matambara ya kufutia meza. Watu walicheka sana. Yeye alifunga albamu yake akaondoka, na tangu siku ile tulikuwa tunapishana njiani kama nguzo mbili.

Jumatano baada ya kazi nilibisha mlangoni kwake.

"Ooh, bwana msafi," akasema. "Umekuja kufuta meza?"

"Nimekuja kuomba kuona arobaini na moja."

"Yako imekimbia?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, ya mzunguko. Yalikauka. "Yangu nimeikata," nikasema.

Akatega sikio. "Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Mkewe naye alikuwa amesikia, maana sufuria ziliacha kugongana jikoni.

"Nimeikata mzee wangu. Zote tisini na sita nimezikata. Kwa mashine ya kazini."

Nilingoja anicheke, na nilistahili. Badala yake akakaa chini taratibu, uso umemshuka kama aliyepigiwa simu ya msiba. "Zote?" akauliza. "Hata namba tisa, ile adimu?"

"Hata namba tisa."

"Loo! Kijana, loo!"

Nikamweleza habari ya fundi kufuli. Akaleta albamu, akafungua. Kadi yake ilikuwa na doa la chai na kona moja imetafunwa, lakini ukingo wake wa kulia ulikuwa mzima. Mpira, vidole vinne, na chini yake gumba, limetoka nje ya mstari wa mkono, limepinda kama ndoano. Miaka sita nilikuwa nikijisifu kwamba naujua uso ule kuliko mtu yeyote. Sikuwa najua ni wa nani.

Makabrasha alikubali kuniazima. "Lakini itakaa kando ya yako," akasema. "Na karatasi ya maelezo iseme nani alikata, kwa nini, na nini kilipotea. Kwa mkono wako."

"Jina langu pia?"

"Jina lako lipo kwenye tangazo kwa herufi kubwa, bwana msafi. Hapo hukuuliza."

Usiku ule sikulala vizuri, na si aibu peke yake iliyoninyima usingizi. Nilikuwa namfikiria Sumaku. Aliyedaka mechi zote ni yeye. Mashabiki waliimba jina lake, na mwisho, kwenye kadi iliyobaki baada ya kila kitu kuoza, hana uso. Nikimrudishia mmoja uso wake, namvua mwingine. Alhamisi nilipita kwenye kimeza cha fundi nikamwambia nilichokiona, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza juu ya hilo.

Alikuwa anachonga ufunguo. Hakuacha. "Sumaku mwenyewe alikuwa anacheka kadi ile," akasema. "Watoto wakimletea aisaini, anasaini, halafu ananinong'oneza: leo umependeza. Usimwonee huruma. Alikuwa na uwanja mzima." Akapuliza vumbi la chuma. "Mimi nina mtu mmoja tu ninayetaka aniamini. Na Jumamosi hatakuja."

Ijumaa nikamfuata binti hospitalini. Nilimkuta kwenye korido anasukuma kitanda kitupu.

"Kesho uje maktaba," nikasema.

"Kuangalia kadi? Kaka, nimetoka zamu mbili."

"Kuja kuangalia kosa langu."

Akasimamisha kitanda, akanitazama juu mpaka chini. "Hilo nitakuja," akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko nilivyotegemea. Kadi mbili nilizilaza ndani ya kisanduku cha kioo, yangu inang'aa, ya Makabrasha ina doa lake la chai, na katikati picha ya gazeti. Chini nilikuwa nimeandika kwa mkono: kwamba jina la kwenye kadi hii ni la kipa aliyedaka mechi zote za ubingwa, kwamba uso ni wa kipa wa akiba wa timu hiyo, fundi kufuli wa nyuma ya kituo cha mabasi, aliyevaa jezi ya mwenzake siku ya picha, kwamba ushahidi ni gumba la kushoto, na kwamba katika kadi yangu gumba hilo halipo kwa sababu mimi nililikata kwa ajili ya urembo, na nilipoulizwa sikusema. Makabrasha alisimama kando akiwasomea kwa sauti hata wale wenye miwani. Wakusanyaji wawili walitoka bila kuniaga. Mmoja aliniita mchinjaji. Nilimeza.

Binti alikuja saa saba, bado na sare. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kisanduku, amevaa shati la kunyooshwa, watu wanampa mkono. Binti hakumsalimia kwanza. Aliinama akasoma karatasi yangu yote, akarudia kuanzia juu. Akaitazama picha ya gazeti. Akaitazama kadi yenye doa. Kisha akauchukua mkono wa kushoto wa mzee jinsi wauguzi wanavyochukua mkono, chini ya kiganja, akaushika juu ya kioo kando ya kadi, akakaa hivyo muda mrefu. Watu waliokuwa nyuma yake wakasogea kando wenyewe.

"Baba."

"Naam."

"Ile hadithi yako ya kocha kulia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, ulikuwepo kweli?"

"Nilikuwepo. Alilia mpaka machozi yakamfika hapa." Akagusa kidevu chake.

"Na ile ya kiatu cha refa?"

"Kweli tupu."

Binti akavuta kiti, akaketi karibu naye, bado ameushika ule mkono. "Na ile ya basi? Mlilisukuma maili saba, usiku, na mvua?"

Mzee akanitazama kana kwamba mimi ningemsaidia. Akamtazama Makabrasha. Akajikuna shingo.

"Mvua ilikuwepo," akasema.

"Maili, baba."

"Mbili."

Binti akamwinulia nyusi.

"Moja na nusu," mzee akasema, na binti akacheka mpaka kofia ya uuguzi ikamdondoka.