"Baadaye" ya Mchungaji

Mimi Kigiriki nakijua sana. Nakijua neno moja, na hilo moja nalitamka vibaya mpaka yule binti aliyenifundisha, tunayemwita Miwani, hufunika mdomo kwa kitabu nisione anavyocheka. Neno lenyewe ni euthus. Maana yake papo hapo, saa ile ile, kabla hujavaa kiatu cha pili.

Nililipatia kazini. Wenzangu wanatafsiri Injili kwa lugha nyepesi, na kila ukurasa, kabla haujaenda kwa mchapaji, lazima usomwe mbele ya mtu asiye na elimu ya kutisha. Hapo ndipo shule yangu ya msingi inapopata heshima. Wakishasoma, nasimulia nilichosikia kwa maneno yangu mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kunikatiza mpaka niseme nimemaliza. Nikipotea, inalaumiwa tafsiri, silaumiwi mimi. Kazi tamu kama hiyo sijaiona. Nyumbani kwangu sijawahi kumaliza maneno yangu hata siku moja.

Ila asubuhi ile sikufuata utamu. Hasira ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkuu wa watafsiri ni Mchungaji, na Mchungaji ni mtoto wa dada yangu. Dada huyo sasa yuko kwangu, hoi. Siku nilipomleta, kitanda chake kilikataa kupita mlangoni, seremala akaung'oa mlango na fremu yake akaenda nao karakana kuutengeneza. Tangu hapo nyumba yangu inafungwa kwa shuka la maua. Daktari ametuambia tusitarajie mengi. Na dada mwenyewe hataki mengi, anataka mwanawe aje amshike mkono. Kila nikimpigia simu, jibu ni lile lile: "Nakuja sasa hivi, mama mdogo." Basi dada anajifunga kitambaa kichwani, anaelekeza uso kwenye shuka, anangoja. Giza likiingia namfungua kitambaa.

Nikaketi kwenye kiti changu, chini ya feni inayolalamika. Mchungaji akaanza kusoma ile habari ya mama mkwe mwenye homa: Yesu na wanafunzi wake wanaingia nyumbani, mgonjwa yuko kitandani.

"Baadaye wakamweleza Yesu habari zake," akasoma.

"Samahani, Mchungaji," akasema Miwani. "Hapo kuna euthus. Walimweleza papo hapo."

"Dada, neno hilo limejaa kitabu kizima, msomaji atachoka. Kuna mahali lina maana ya 'kisha' tu, na wewe unajua."

"Najua. Lakini 'kisha' siyo 'baadaye'. Na hapa kuna mgonjwa ndani ya nyumba."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja je?" nikauliza.

"Mama mdogo, zamu yako bado."

"Haya, baba. Nimeshazoea bado."

Akasoma mpaka mwisho, akaweka karatasi mezani. "Simulia sasa."

Nikapangusa midomo. "Kulikuwa na mama mgonjwa. Wageni wakaingia, wakanawa, wakaulizana habari za safari, wakala. Baadaye mmoja akakumbuka: hivi, si kuna mtu anaumwa huko ndani? Yesu akasema, nakuja sasa hivi. Lakini kulikuwa na kikao. Kikao kikazaa semina. Yule mama akajifunga kitambaa, akatazama mlangoni. Akamwuliza mdogo wake, mbona hafiki? Mdogo wake akasema, labda njia ina tope. Na jua lilikuwa la kupasua mawe."

"Semina haimo humu," akasema Mchungaji.

"Hakuna kumkatiza," akasema Miwani huku akiandika. "Sheria umeitunga wewe."

"Homa haikungoja semina. Yule mama alimnyonyesha mtu, akamsomesha, akampeleka chuoni akajifunze maneno ya wakati katika lugha za watu waliokufa. Na mtu huyo akaja kushindwa na neno la wakati katika lugha ya mamake. Nimemaliza. Ndivyo nilivyosikia."

Mchungaji alikuwa ameiva uso.

"Unanivunjia heshima mbele ya watu, mama mdogo. Kwa mama nilikuja. Jana jioni, nilipotoka hapa hapa. Sikusema kwa sababu sipendi kujitangaza."

"Ulikuja."

"Nilikuja. Nikagonga mlango mpaka vidole vikaniuma. Kimya. Nikasema huenda amelala, nisimsumbue."

Hasira yangu ikafanya jambo ambalo sikulitegemea: ikatulia, ikakunja miguu. Nikamwuliza taratibu, kama ninayemlisha mtoto.

"Uligonga mlango wangu."

"Niligonga."

"Wa mbao."

"Wa mbao, mama mdogo. Kwani una wa dhahabu?"

Miwani aliacha kuandika. Jumapili alikuwa amekuja kumjulia hali dada, na alipita kwa kuinua shuka.

"Basi simama, mwanangu, twende kwa mama yako," nikasema. "Ila tupitie kwanza kwa seremala, ukanionyeshe uliugonga wapi. Mlango huo uko kwake tangu mama yako ahamie kwangu."

Mchungaji akainamisha macho kwenye karatasi yake, pale palipoandikwa "baadaye", na vidole vyake, ambavyo havikuwa na alama yoyote, akaviteremsha chini ya meza.