Sahihi ya Karani

Mtaa mzima ulimwita Karani, naye aliitika. Hata mkewe akikasirika alisema, "Karani, chakula kinapoa." Miaka nenda miaka rudi aliandika hesabu za ghala la magodoro la shemeji yake, mume wa dada yake, na kazi yenyewe haikuwa na makuu: bosi husema, Karani huandika. Nani abishane na anayemlisha?

Kisha benki ikaanza kudai hesabu zenye sahihi ya mhasibu aliyesajiliwa. Shemeji, ambaye kuwalipa watu wa nje kulimuuma kuliko jino, akamlipia Karani ada. "Nenda kasome, sahihi ibaki nyumbani."

Akaenda, mtu mzima na miwani yake, akakaa darasani na vijana wa kuwazaa. Hesabu hazikumsumbua. Akaanguka kwenye maadili. Swali lilisema: mwajiri akikuagiza uandike lisilo kweli, utafanya nini? Akajibu kwa moyo mweupe kwamba ataliandika kwa mwandiko mzuri. Mwalimu alicheka mpaka machozi. Karani aliona aibu, maana jibu lile lilikuwa maisha yake yote. Mara ya pili akafaulu, akasajiliwa.

Mtihani wa kweli haukukawia. Mvua ikaezua paa la ghala, nusu ya magodoro yakalowa na kuota ukungu. Na shemeji alitaka mkopo.

"Andika yote mazima," alisema.

"Yameoza, shemeji."

"Nimekuomba sahihi, sijakuomba uyanuse."

"Siwezi."

"Huwezi? Ada nimelipa mimi!"

"Ulimlipia mhasibu, shemeji. Karani ulikuwa naye tangu zamani."

Alisema kwa upole. Alimpenda shemeji yake. Tena alikuwa na watoto wa kusomesha na kodi ya nyumba, na msimamo haupikwi ukaliwa.

"Basi fungasha," shemeji akasema. "Wahasibu wamejaa tele mjini." Hapo hapo akampigia mwingine, wakaelewana bei, akakata simu akitabasamu. Karani akaanza kupanga mafaili kwenye boksi, akijiona mjinga mkubwa.

Hajamaliza, simu yake ikaita. Namba ngeni.

"Samahani kwa usumbufu," alisema mwanamke. "Nimeombwa kushika hesabu za ghala la magodoro. Kanuni zetu haziniruhusu kuzipokea kabla sijamuuliza mhasibu aliyenitangulia. Kuna sababu ya mimi kukataa, mhasibu mwenzangu?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Lakini siri ya mteja ni ya mteja, hilo nalo alikuwa amelisoma. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Shemeji, ni mhasibu wako mpya. Anauliza kama kuna sababu ya kuzikataa hesabu za magodoro. Nimjibu nini?"

Shemeji akajibwaga juu ya boksi la mafaili.

"Mwambie yamelowa," alisema.