Goti la Verna

"Hivi wewe Olha, tangu tumzike mumeo Orest, kuna mtu amekushika mkono?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Verna Toews, amesimama mlangoni kwangu na theluji mabegani. Padri hunipa mkono kila Jumapili, lakini huo humpa kila mtu.

"Basi vaa koti," akasema. "Kule chuoni wanatafuta watu wanene wasiofanya mazoezi, wa kufanyiwa utafiti. Mimi na wewe tumefaulu kabla ya mtihani."

Ndivyo tulivyoanza. Chuo kiko upande wa pili wa mji wetu wa Dauphin, huku Kanada, na mimi siendeshi. Mwenye kuendesha alikuwa Orest. Verna akawa ananipitia kwa pikapu yake. Njia nzima anasema yeye, mimi nasikiliza. Siku zisizo za mazoezi, sauti nilizosikia nyumbani ni ya tanuru la kupasha nyumba joto likiwaka chini ya sakafu na yangu mwenyewe nikisali.

Msimamizi wetu, binti aitwaye Priscille Gaudry, alitueleza polepole. Alisema watu wanene wanaokaa sana mara nyingi huwa na uvimbe wa ndani kwa ndani, usioonekana kwa macho, ila damu huuonyesha. Walitaka kujua mazoezi yapi yanaupunguza, mepesi au makali, na kama yale makali huenda yakauzidisha. Tukapangwa kwa kura. Mimi nikaangukia kutembea kwenye mashine, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza. Verna akapewa baiskeli isiyokwenda popote, ainyonge mpaka pumzi ya kusemea imwishie.

"Mungu naye ana mzaha," Verna akacheka. "Bubu kapewa mazungumzo, mimi nimefungwa mdomo!"

Kulikuwa na sharti moja kubwa, dawa za maumivu. "Zile dawa hutuliza uvimbe," Priscille alituambia. "Ukimeza kabla ya kutoa damu, sisi tutadhani ni kazi ya mazoezi. Ukiumwa, sema."

Goti la Verna lilianza kumsumbua kabla ya Krismasi. Niliona anavyoshika mlango wa gari kwanza ndipo ashuke, na jinsi anavyopanda ngazi za chuo kwa mguu mmoja, ule mwingine anauvuta. Sikumuuliza. Mtu mzima analijua goti lake.

Asubuhi ya kutoa damu, tumekwisha kuegesha, akafungua kikopo cha peremende akameza vidonge viwili bila maji.

"Verna, hizo si peremende."

"Ni peremende za wazee."

"Mwambie Priscille."

"Nimwambie ili anitoe? Wanangu wako Vancouver, wananipigia simu wakikumbuka. Nikitolewa hapa nitaongea na nani, na friji? Na wewe nani atakuleta?" Akafunga kikopo. "Nyamaza tu, mwenzangu. Mji mzima huu hakuna anayejua kunyamaza kama wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma.

Ndani, Priscille alinitoa damu mimi kwanza. Niliitazama ikijaa kwenye kichupa, nyeusi kuliko nilivyodhani, naye akabandika jina langu. Ingekwenda kwa watu wasionijua, nao wangeiamini. Kisha Verna akakaa kitini, akakunja mkono wa sweta.

"Mama Verna, leo unachechemea. Hujameza kitu?"

"Hata aspirini! Muulize Olha, tumekuja pamoja. Huyu hata kwa Ibilisi mwenyewe hasemi uongo." Akanikonyeza.

Priscille akanigeukia huku anatabasamu, sindano mkononi. Hakuwa ananishuku wala kumshuku mwenzangu. Ningetabasamu na mimi, yangeisha hapo, na tungerudi nyumbani Verna akipiga soga. Nilikifikiria kile kiti cha gari, joto lake, na vumbi la biskuti kwenye kapeti. Nikamwomba Mama wa Mungu anipe neno jingine la kusema. Sikulipata.

"Amemeza viwili," nikasema. "Garini, sasa hivi."

"Aa, Mama Verna!" Priscille hakukasirika hata kidogo. Aliweka sindano chini. "Si ungeniambia tu? Damu tutachukua siku nyingine. Hilo goti litazamwe, na baiskeli ipumzike kwanza. Nani kasema tunakutoa?"

Moyo wangu ukashuka mahali pake. "Umesikia, shoga?" nikamwambia. "Hutolewi."

Verna hakunitazama. Aliushusha mkono wa sweta, akaunyoosha vizuri hadi kiganjani. Priscille akamletea maji, akayaacha mezani. Nikainuka kumshikia koti, akalichukua yeye mwenyewe kwenye msumari, akatoa funguo mfukoni, akatoka akichechemea.