Kiwiko cha Wangechi

"Hapa iko na mtu?" jirani yake Watiri aliuliza, akionyesha nafasi iliyo wazi kushoto kwa Gatimu.

Gatimu alimtazama mdomo. "Iko na mwenyewe," akasema.

Watiri alikuwa amehudhuria mazishi ya mwenyewe huyo miezi miwili iliyopita. Hakubishana. Alizunguka, akaketi upande wa kulia.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, na ukumbi wa soko la Giakanja ulikuwa umejaa mpaka wengine wakakalia madirisha. Hezekiah wa Chaka alikuwa amekuja na watu wake: mpiga kodiani, mpiga gita, na yeye mchekeshaji mwenyewe, na lile koti lake la kufagia sakafu. Tangu bendera ya mkoloni ishuke, hakuwahi kuja Giakanja bila kuuliza kwanza, "Gatimu yuko?" Maana Gatimu ndiye aliyewasha ukumbi. Kicheko chake kilianzia tumboni kama lori la mawe likipanda mlima na gia ya kwanza, na kikifika juu hakuna aliyebaki na uso mkavu. Wanasema mwaka wa sabini na moja alicheka hivi, ng'ombe wa Tetu wakagoma kutoa maziwa mpaka Jumanne. Anayebisha akawaulize ng'ombe.

Jambo ambalo watu hawakujua ni kwamba Gatimu alikuwa hasikii. Baruti ya machimbo ya mawe ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, miaka kumi na minane. Mtu akiwa karibu, alimsoma midomo. Lakini mtu wa jukwaani, tena mwenye masharubu ya kujichora kwa makaa, kwake alikuwa bubu tu.

Aliyejua ni Wangechi, mkewe. Alikuwa akiketi kushoto, na kichekesho kikifika penyewe, anamdunga kiwiko cha mbavu. Gatimu anacheka. Ukumbi unawaka. Wakati wa kurudi nyumbani, Wangechi alimsimulia yote upya, akitembea kinyumenyume mbele yake ili auone mdomo, akijikwaa kwenye mizizi ya kahawa, na hapo ndipo Gatimu alipocheka cha kweli.

Siri hiyo Wangechi alikufa nayo. Mbuvi, msimamizi wa machimbo, hangeweka kazini mtu asiyesikia filimbi ya baruti. Gatimu alikuwa akikimbia akiona wenzake wanakimbia, basi.

Na leo Mbuvi huyo alikuwa ameketi benchi la mbele.

Gatimu alikuwa na mpango. Hezekiah hakuwahi kuvua kofia kabla ya kichekesho cha mwisho, maana ndani yake mlikaa kifaranga hai. "Kofia ikitoka, nacheka," alikuwa akijiambia tangu Alhamisi, nyundo mkononi. Asipocheka, watu wangeanza kujiuliza. Na mwaka ujao, nani angeuliza kama yuko?

Kodiani ilianza. Hiyo haikumhitaji mtu wa kumdunga. Ilipanda kupitia miguu ya benchi, ikamwingia mgongoni, naye akatikisa kichwa kama wengine. Kisha Hezekiah akasimama kuongea. Koti likayumba, masharubu yakapanda na kushuka. Mabega ya watu yakatikisika kidogo, vichwa viwili vitatu vikageuka kumtafuta Gatimu. Gatimu akatabasamu. Alingoja.

Hezekiah akasogea ukingoni mwa jukwaa. Akamtazama moja kwa moja. Akavua kofia, na nyuso zote zikamgeukia Gatimu.

Akacheka. Alicheka akiba yote ya miezi miwili, kichwa nyuma, macho ameyafumba, lori likapanda mlima mpaka juu kabisa.

Alipofumbua macho, ukumbi ulikuwa umetulia kama picha ya ukutani. Hezekiah alikuwa ameishikilia kofia kifuani. Hapakuwa na kifaranga.

Watiri akamshika bega, akamgeuzia uso. "Baba Muriithi," alisema polepole, "alikuwa anakupa pole. Pole ya kumpoteza Mama Muriithi."

Kule mbele, Mbuvi alikuwa amegeuka kwenye benchi lake.

"Sikusikia," Gatimu akasema. Hakujua ameyasema kwa sauti kubwa kiasi gani. "Mimi sisikii. Yeye ndiye alikuwa anasikia."

Gatimu akashusha kiganja kwenye nafasi ya kushoto, vile alivyopima jiwe kila asubuhi: unagonga, unaweka mkono. Jiwe zima hurudisha mtikisiko mpaka kiwikoni. Lenye ufa humeza. Ubao ulikuwa baridi, nao ulimeza.

Akangoja. Halafu, kutoka mwisho wa benchi, ukaja mtikisiko mdogo. Ukakoma. Ukaja tena, sasa wa watu wawili, watatu. Gatimu hakuinua macho kuangalia kama wanacheka au wanalia. Aligandamiza kiganja, akauacha mtikisiko upande mkononi, mpaka ukafika kwenye kiwiko.