Punje za Mfalme Kiboko

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto kazini asogee zaidi, maana hii inamhusu.

Ilikuwako nchi ya ndege kandokando ya mto, na mto ulikuwa mali ya Mfalme Kiboko. Ndege wa nchi hiyo, ukoo wa Mnana, walijaliwa kufuma tangu kuumbwa. Mfalme alipoliona hilo akajenga nyumba ya matofali mekundu, ghorofa tano, akafunga chini yake gurudumu kubwa la kusukumwa na maji, na gurudumu likaendesha mitambo ya kufumia nguo. Mabinti wakatoka mashambani makundi kwa makundi, wakaajiriwa. Madirisha yalipigiliwa misumari, kwa sababu upepo hukausha uzi, na uzi mkavu hukatika. Basi viumbe wa hewani wakawa wanashinda ndani wakivuta vumbi la pamba, toka kengele ya alfajiri hadi kengele ya usiku.

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki walilalamika, wakiongozwa na Chiriku, ndege mdogo asiyeogopa kusema. Walitaka kengele ya kutoka kazini ipigwe kabla ya jua kuzama. Mfalme akakubali haraka, tena kwa tabasamu, na nchi nzima ikapiga vigelegele. Kumbe aliagiza gurudumu liongezwe mwendo, ili kazi ileile iishe kwa saa chache. Tangu hapo nyumba ikaanza kutetemeka.

Mama Mnana alikuwa na binti mmoja tu, Kishungi, aliyefanya kazi ghorofa ya juu kabisa. Kishungi alimwambia mamaye kwamba ukuta wa upande wa mtoni una ufa. Jana ufa ule uliingia ukucha, leo unaingia mguu. Mama hakupata usingizi tena. Kengele ikilia moyo ulimpaa, na isipolia pia ulimpaa. Kwa hiyo Mfalme alipotangaza baraza la kusikiliza malalamiko, Mama Mnana alijiapiza kwamba safari hii atasema.

Lakini ukoo wa Mnana una mwiko wake. Aliyekula punje za mtu hamsemi vibaya mtu huyo mpaka mwezi uandame, ila kama atamrudishia punje zake. Wenyewe hucheka wakifika hapo, maana nani amewahi kurudisha alichokula? Waziri Korongo aliujua vizuri mwiko huo. Kabla baraza halijafunguliwa, pale ukingoni mwa mto, alimwaga mtama mweupe mbele ya wageni, akawakaribisha kwa upole.

Chiriku alirudi nyuma, akasema amefunga. Mama Mnana alitaka kusema vivyo hivyo. Lakini macho ya Mfalme yalikuwa juu ya maji, yakipita mdomo kwa mdomo, na yalipofika kwake alijikuta ameshainama. Akadonoa. Kisha akadonoa tena, ili asionekane kwamba alidonoa kwa woga.

Baraza lilipoanza, Chiriku alieleza habari ya ufa. Mfalme akacheka taratibu.

"Hata mimi nikipita ardhi hutetemeka," alisema. "Mbona hakuna aliyekuja kunishtaki?"

Baraza zima likacheka naye. Korongo akaongeza kwamba Chiriku hana mtoto mle ndani, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ndipo akageuza shingo yake ndefu.

"Mama Mnana, wewe binti yako yumo. Una neno?"

Alihisi mtama umemkaa kooni kama kokoto.

"Sina neno, Mtukufu."

"Haya, mama mwenyewe kasema," Korongo akawaambia, na baraza likafungwa.

Mabinti walikuwa nje, mapumziko ya mchana. Kishungi alimkimbilia mamaye.

"Umewaambia, mama?"

Mama akapangusa mdomo kwa bawa.

"Walikulisha," Kishungi akasema. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma mama. Alisema tu kwamba ufa sasa unaingia bawa, akakohoa, akajikung'uta pamba manyoyani, akaenda kupanga mstari, kwani kengele ilikuwa imeanza kulia.

Korongo alisimama mlangoni akiwahimiza waingie. Mama Mnana alimfuata akitetemeka. Msidanganyike kwamba hofu ilimtoka. Ilikuwa palepale, ila sasa aliuogopa ufa kuliko alivyomwogopa Mfalme. Akachomoa unyoya wa bawa lake mwenyewe, akautia kooni mbele ya wote, akatapika mtama miguuni pa Waziri.

"Punje zenu hizo," alisema akihema. "Sasa nina neno. Kishungi, usiingie. Nyumba hii itaanguka, na asubuhi nilijua, nikanyamaza."

Mstari ukasimama. Wengi walirudi nyuma pamoja na Kishungi. Lakini wako walioingia, kwa sababu mama zao nao walikuwa wamekula asubuhi ile, na sasa walisimama nyuma yao wakiwasukuma kwa upole: ingia mwanangu, usituponze.

Jua lilipoinama, ukuta wa mtoni uliachia, na ghorofa zote tano zikalaliana. Waliokuwa ndani walikuwa na mabawa. Madirisha yalikuwa na misumari.

Mfalme alipeleka rambirambi kwa kila nyumba iliyofiwa, na pamoja na rambirambi gunia la mtama. Mama Mnana alipita mlango kwa mlango, bado akitetemeka, akawakuta kina mama wamekaa na magunia mbele yao. Hakuwakataza kulia. Aliwakataza kula.