Macho ya Kep

Miaka nenda rudi nimekuwa nikichunguza ugonjwa unaokausha utando wa nyuma ya jicho la mbwa wa kondoo. Kule chuoni, mjini Dunedin, wakitaka kujua kama mbwa anaona au haoni, naitwa mimi. Basi siku hiyo nilifika shambani kwa Ngaire Tofield, huko juu milimani Otago, nikashusha mashine yangu ya kupimia macho, nikaiwasha, ikanyamaza. Nilisahau kuichaji. Nikairudisha garini taratibu, kana kwamba nilikuwa nimeileta ipunge hewa tu.

Ngaire, mjane asiye na maneno mengi, alinieleza shida yake pale pale langoni. Mbwa wake, Kep, alikuwa amejigonga kwenye geti tena na tena wiki ile. Kesho yake kondoo walikuwa wanateremshwa kutoka mlimani, na njia inapita ukingoni mwa genge. Mbwa asiyeona akienda kule harudi.

"Na asipofanya kazi, mimi sifugi mbwa wa kupapasa," alisema. "Bunduki ya marehemu ipo ndani. Kwa hiyo niambie ukweli, Callum, usinipambie."

Nilipunga mkono mbele ya jicho la Kep, akapepesa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mbwa kipofu naye hupepesa akipigwa na upepo wa mkono. Nimewafelisha wengi kwa kosa hilo hilo. Jua lilikuwa la saa saba mchana, na mboni zake zimepanuka kama za mnyama aliye gizani. Hilo nalo nililiona, nikalisifu. Nilisema ana macho makubwa, mazuri.

Kisha nikapata wazo, na mimi nikipata wazo hunishiki. Kep ni mbwa wa jicho: habweki wala hang'ati, humkazia kondoo macho mpaka kondoo mwenyewe asalimu amri. Nikamwambia Ngaire mashine ya nini, kazi yenyewe ndiyo kipimo. Akaleta kondoo watatu.

Kep aliingia uani masikio yamesimama, akalala chini, akakaza macho. Wale watatu wakarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka ndani ya zizi. Ngaire akafunga. Nami, kwa sauti ile ninayoitunza kwa ajili ya mikutano ya wataalamu, nikatangaza kwamba mbwa huyu ana macho ya mwewe, kesho apande mlima.

Nikavuka ua kwenda kumpongeza. Nyasi zilimeza kishindo cha buti zangu, na upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, hakunisikia wala kuninusa. Nikasimama mbele yake kabisa. Aliendelea kutazama pale pale walipokuwa kondoo, kupitia suruali yangu. Nikachomoa kishungi cha sufu kwenye uzio, nikakiachia mbele ya macho yake, kikashuka bila sauti. Hakukifuata. Kilipomgusa pua ndipo akashtuka.

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Kep sikuwa nimempima hata kidogo. Nilikuwa nimewapima kondoo, na wote watatu wanaona vizuri sana.

Kumwambia Ngaire kuliniuma, maana nilishaona alivyofurahi. Alichuchumaa, akamshika mbwa shingoni.

"Haoni kabisa?"

"Kabisa. Anawasikia walipo, anageuzia uso huko."

"Sasa wale walirudi nyuma kwa nini?"

"Walimwogopa. Wao wanaona anawatazama."

Aligeuka, akalitazama zizi. Nilikuwa naiwaza ile bunduki, na nusura niseme nitamchukua Kep mimi. Kisha akasimama, akasema mlimani ataazima mbwa wa jirani. Kep atabaki hapa uani, penye uzio pande zote, awe anaingiza kondoo zizini kama alivyofanya leo.

"Ila wewe na huo mdomo wako," akaniambia, "ukipita hapo zizini, nyamaza. Wale kondoo wasije wakajua."

Nikamwahidi, kwa kunong'ona, maana walikuwa wamesimama karibu.