Sarafu Alizozing'arisha Tryphosa

Tryphosa alifika kwenye maktaba ndogo ya Kesses akiwa amevaa kitenge alichovaa kumzika mumewe, maana ndicho kizuri alichobaki nacho. Kifuani ameikumbatia albamu utadhani anapeleka mtoto kubatizwa.

Ndani mlikuwa na sarafu za marehemu Nicanor: senti za ukoloni zenye tundu katikati, na shilingi zenye simba. Alizikusanya tangu akiwa karani kijana. Mungu hakuwajalia watoto, na kwao husemwa kwamba asiyeacha wa kuitwa jina lake amekufa mara mbili. Ndiyo maana maktaba ilipokubali kuziweka sarafu kwenye kabati la kioo, na kadi yenye jina la Nicanor mbele, Tryphosa alilia kuliko alivyolia kaburini. Nani mwingine mtaani kwao Langas angesomwa jina na wanafunzi wa chuo kikuu cha hapo jirani?

Nicanor aliziweka zikiwa nyeusi tititi, kila moja na karatasi yake, na ole wako uziguse. Tryphosa alidhani ni ukaidi wa wanaume. Sasa jamani, mumeo utampeleka mbele za watu akiwa mchafu? Akazisugua kwa jivu, ndimu na chumvi kama sufuria za Krismasi, mpaka zikang'aa. Kisha, kwa kuwa kazi yake ni kuuza njugu, akafanya anavyojua. Kila sarafu, ingali mbichi kwa maji, akaitia ndani ya kipakiti cha nailoni na kuuyeyusha mdomo wake kwa mshumaa. Vipakiti akavishona kwenye kurasa za albamu ya harusi yao.

Kabati likachelewa kwa fundi, mvua ndefu zikaja zikaisha. Albamu ilikaa chini ya kitanda, naye hakuifungua asije akaiharibu.

Byron, mtunza maktaba, ndiye aliyeifungua.

"Mama," akasema, akanyoosha mkono kuchukua mkasi.

Vipakiti vilijaa ute wa kijani. Akakata kimoja. Sarafu ikatoka imeliwa, haina simba wala mwaka. Akakata kingine, na kingine.

"Kwani uliziosha?"

"Niliziosha vizuri na ndimu na chumvi. Nikafunga, hewa isiingie."

"Hiyo maji ya chumvi ndiyo imezikula, Mama. Pole sana. Hatuwezi kuweka hizi."

"Hata moja?"

Akatikisa kichwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyo ndiye mjukuu pekee ambaye Tryphosa alipata kumpakata. Alitamani ardhi immeze.

Kadi ilikuwa mezani, imeshachapishwa vizuri. Akaigusa kwa kidole.

"Basi wekeni kadi peke yake."

"Mama, na watu wataangalia nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Tryphosa akamtazama kijana wa watu, akaona pete kidoleni.

"Uko na watoto?"

"Bado. Bibi yangu ako karibu kujifungua."

"Akiwa kijana, muite Nicanor. Tafadhali, mwanangu. Sitakusumbua na kitu kingine."

Byron aliinama, akachezea mkasi.

"Mama, babangu alikufa mwaka jana. Huyo mtoto ako na jina tayari."

"Basi babako ana bahati," akasema Tryphosa. Akaanza kurudisha vile vipande vya kijani kwenye albamu, kimoja kimoja, kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini tena.